Banda la Gwakisa

Mimi ndiye sauti ya banda la Gwakisa,
nyuma ya soko, Tukuyu,
ambako bati huanza kusema kabla ya filamu
maana mvua ya huku haijui kubisha hodi.
Kiingilio mia tano. Mabenchi ya mlingoti.
Mchina akitukana, namtukania,
Mzungu akilia, namlilia,
mke na mume wakizozana
wote wawili wanagombania koo hili moja.

Zamani ilikuwa saa moja na nusu.
Stelingi anaingia, anaonewa,
anapanda mlima kujifunza mapigo,
anashuka, anawalipa. Basi.
Nafika nyumbani ugali bado unafuka.

Siku hizi stelingi anatazama dirishani.
Anatazama tu.
Dakika nne, kikombe mkononi, hanywi,
na mimi nifasiri nini hapo?
Siku moja nilisema: "Anawaza deni la mbolea."
Watu wakaguna, wakamwonea huruma.

Jumamosi Gwakisa akaleta ya saa tatu na robo.
Saa ya kwanza tulikuwa wote.
Saa ya pili simu zikaanza kuwaka,
uso mmoja, uso wa pili, benchi zima,
kila mtu na kavideo kake ka nusu dakika.
Anyambilile akapeleka abiria Kiwira,
akarudi analowa: "Bado?"
Bado.
Akapeleka mwingine Katumba, akarudi.
"Nani kafa?"
Hajafa mtu. Wamehamia nyumba nyingine,
nayo ina dirisha.

Gwakisa anahesabu uniti za Luku kwa midomo.
Ananinong'oneza: watu wameharibika,
akili zao zimekuwa fupi kama kiberiti.

Sikumjibu, nilikuwa na mistari ya mtu kitandani.
Ila nilikumbuka lile lori la ndizi
lililolala ubavu kwenye kona ya mteremko:
kuanzia adhuhuri mpaka giza tulisimama,
hawa hawa, Anyambilile mbele,
kutazama mnyororo ukikazwa, ukiteleza, ukikazwa.
Hakuna aliyegusa simu.
Hakuna aliyeuliza litainuka saa ngapi.
Na lilipoinuka
tulibaki kidogo, tukitazama majani yaliyolaliwa.

Saa nne kasoro, umeme ukakatika.

Mvua juu, giza chini.
Nikasikia mabenchi yakilia, watu wakitoka,
nikasema afadhali, koo langu limekuwa msasa.
Halafu sauti ya Subilaga, mwenye chupa za chai:
"Sasa yule mama alipata barua?"
Sikujua.
Huwa sizitazami kabla;
Gwakisa halipii umeme mara mbili.

Nikasema: alipata.
"Ikasemaje?"
Nikavuta pumzi.
Ikasema mwanao yuko hai, anafanya kazi shamba la chai,
ameoa, ana ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika,
na huyo ng'ombe kila jioni husimama barabarani
akielekea upande wa kwenu.
"Pembe ilivunjikaje?" akauliza mtu gizani.
Ikabidi nieleze pembe.
Pembe ikaleta jirani, jirani akaleta kesi ya mpaka,
kesi ikaleta balozi mlevi, na mvua,
nikaitia na mvua ndani kwa kuwa ilikuwepo.

Umeme uliporudi, stelingi alikuwa dirishani.
Tulimtazama, watu tisa.
"Zima," akasema Subilaga.
Gwakisa, naapa, alizima.

Mama alipofika kwa mwanawe ilikuwa saa sita na dakika.
Chai imekwisha. Mtoto wa fundi cherehani
amelala kifuani kwa mtu asiyemjua.

Anyambilile alipiga kiki pikipiki mara tatu, ikagoma.
"Na yako ndefu," akaniambia.
Akapiga ya nne, ikashika.
"Kesho urudie pale pa ng'ombe."