Pengo

Mada ya mwaka ule ilikuwa neno moja,
limebandikwa mlangoni pa ukumbi wa wazimamoto wa Idrija:
PENGO.
Picha moja kwa kila mwanachama. Mwisho tarehe tisa Februari.

Mimi ndiye katibu, bahasha hupitia kwangu,
kwa hiyo niliziona zote kabla ya jaji.
Viti vitupu, saba.
Vitanda vilivyovurugika upande mmoja tu, vitatu.
Kiatu cha mtoto juu ya theluji, kimoja;
na mtoto mwenyewe namjua, mzima wa afya,
yuko darasa la nne, anacheza hoki.
Nami nilipiga kiti. Nisijifanye.
Kiti cha jikoni kwetu, nilikisogeza dirishani
hadi mwanga ukakikalia kama mgeni asiyeaga,
na nyumbani kwetu hajafa mtu,
isipokuwa paka, naye kile kiti hakukipenda.

Bahasha ya Ludvik Pivk ilifika siku ya mwisho,
imefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme.
Miaka ishirini alitengeneza pampu mgodini,
kule chini walikochimba zebaki,
na hata leo akiingia chumbani hutazama dari kwanza.

Ndani ya bahasha: mdomo.
Mdomo wake mwenyewe, umeachamwa hadi kooni,
flashi imemulika mpaka kimio,
na katikati ya meno ya juu, giza la mraba.
Chini ya giza ameshika rula.
Milimita tisa.
Nyuma ya picha, kwa penseli:
*Pengo. Tangu 1963. Sledi.*

Jaji alitoka Ljubljana, Bwana Tilen Osredkar,
skafu ndefu, viatu visivyojua theluji.
Mbele ya viti alinyamaza kwa heshima ya msibani.
Mbele ya changu alishusha pumzi,
nami, Mungu nisamehe, niliinamisha kichwa
kama mfiwa.

Alipofika kwa Ludvik akarudi nyuma hatua moja.
"Mzee," akasema, "neno hili ni fumbo.
Pengo ni yule aliyeondoka
na nafasi yake ikabaki."

Ludvik akafikiri. Alifikiri kweli, macho darini.
"Limeondoka," akajibu. "Jino.
Na nafasi yake imebaki." Akaachama
ili jaji alinganishe na picha.

Ukumbi ukaangua kicheko.
Fumbo mfumbie mjinga, wamesema watu,
na mjinga wetu tulikuwa tumempata,
tumemsimamisha penye taa,
tumemzunguka sisi werevu na viti vyetu.

Ushindi ulikwenda kwa kiatu.

Baadaye nilibaki kukunja viti, vile vya chuma,
vya kukalia. Ludvik akanisaidia, viwili viwili kila mkono.
Nikamuuliza kuhusu ile sledi.
Nakiri nilikuwa natafuta maiti:
kaka, rafiki, mtu yeyote,
niirudishe picha yake mezani, nimtetee.
"Ulikuwa na nani?"
"Peke yangu," akasema. "Na mkebe wa maziwa."
Akaweka viti chini.
"Haukumwagika hata tone."
Na hilo, naona, ndilo alilotaka lijulikane.

Akachomoa picha yake ukutani, pini akazitia mfukoni,
zile pini ni za klabu, sikusema kitu.
Akashuka mtaani akipiga mluzi
kupitia zile milimita tisa,
mluzi mwembamba, umenyooka kama waya,
nikausikia hadi alipovuka mto.

Nyumbani kiti kilikuwa bado dirishani,
kinamsubiri mtu ambaye sikuwahi kuwa naye.
Nikakivuta mezani. Nikakaa.
Supu ilikuwa ya moto.
Ulimi wangu ukazunguka meno yote,
jino baada ya jino,
ukakosa pa kuingia.