Nusu ya Jina la Kanga

Sanduku lililetwa mpaka mlangoni, hapa Mabela.
Intisari akalipasua kwa kisu cha halwa,
akatoa mawinda kumi na manane ya vifungo,
mengine yamechorwa twiga, mengine vipepeo.
Riali thelathini na mbili.
Nikauliza tena, labda masikio yamezeeka.
Thelathini na mbili.

"Mama, ni ya kitambaa," akasema mkaza mwanangu,
"yanafuliwa, yanarudi. Pampasi zinamchoma Azani,
na huko jaani haziozi."
Alisema kama mtu aliyegundua chumvi.

Nikanyamaza. Kimya changu kina watoto sita.

Ruwi, mwaka wa sabini na tisa, chumba na nusu,
ndoo mbili, moja ya mkojo, moja ya yale mengine,
na sabuni ya mche niliyoikata kwa uzi isiishe upesi.
Sikuwa nailinda dunia. Sikuwa na pesa.
Nikaichana kanga ya arusi yangu,
NIMEKUPA MOYO USIUTIE DOA,
mkasi ukapita katikati ya maneno.
Asubuhi Khalfani akivaa NIMEKUPA MOYO,
jioni USIUTIE DOA,
na hakutii hata siku moja.

Halafu sala. Hilo Intisari hakuniuliza.
Mtoto umempakata, adhana ya alasiri inaanza,
na vuguvugu lile linapita gotini.
Uvue, ujitahirishe, uvae,
umbebe anyamaze, alowe tena.
Siku pampasi zilipoingia duka la Vishramu
nilinunua moja. Moja tu, kama mtu anunuavyo yai.
Nikampakata Thureya tangu adhuhuri mpaka jua kuchwa,
nikasali sala tatu na nguo ile ile,
na katika ile ya tatu nikalia.
Mawinda nikayatia pipani.
Kilibaki kipande kimoja cha kufutia vyetezo.

Sasa ni Julai. Bomba la baridi linatoa maji ya chai.
Twiga wamepangwa juu ya dari,
robo saa tu wamekakamaa kama papa mkavu.
Intisari anahesabu dakika kwenye simu, anafurahi.
Nayaanua. Nayapigapiga mapajani yalainike.
Sijaombwa.

Alhamisi gari la maji halikuja.
Tangi tupu, ndoo imejaa twiga,
Intisari yuko benki mpaka saa tisa,
Azani yuko uchi juu ya mkeka, analia kama anayedai.
Khalfani akapiga simu kutoka Suhari:
"Mama, si kuna duka hapo ng'ambo ya barabara?"
Kweli lipo. Nilishavaa kiatu kimoja.

Sijui kwa nini nilikivua.
Nikafungua kabati la vyetezo,
kile kipande kimelainika kwa miaka, kinanuka udi.
Vidole havikuniuliza:
pembe tatu, hii chini ya kitovu,
hii kushoto, hii kulia, vuta, si sana,
ipite pumzi.
Pini nikaitoa kwenye ushungi wangu.
Akaacha kulia. Akanitazama
kama babu yake akitazama hesabu ya duka.

Mamake akaja, akamgeuza kifudifudi,
akasoma matakoni kwa kuungaunga,
maana Kiswahili chake ni cha masikioni:
"U-si-u-ti-e do-a."
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Na nusu nyingine iko wapi, mama?"
"Aliimaliza mumeo."

Nikampokea mtoto ili avue viatu.
Adhana ikaanza, ule msikiti wa karibu kwanza,
kisha wa mbali, umechelewa kidogo kama kawaida yake.
Nikagusa goti.
Limelowa.
Nikamrudishia mwanawe, nikatafuta nguo nyingine
na chupa ya maji ya kunywa.