Pindo

Mama hakupenda cherehani.
Inakimbia kama mdaiwa, alisema.
Yeye na sindano, na fremu ya mti,
na subana ya bati iliyobonyea upande,
kibarazani Pasua, kutwa:
foronya za maharusi, vitambaa vya makochi,
"Karibu Mgeni" mara mia na ushei,
na batamaji wawili wanaotazamana
ambao Moshi nzima hakuna aliyewahi kuwaona.

Kazi yangu ilikuwa tundu.
"Macho yako bado mapya," aliniambia,
nikalowesha uzi kwa mate, nikaupenyeza.
Nikijaribu kudarizi, hakutazama ua langu;
alikigeuza kitambaa.
"Usoni kila mtu hujitahidi.
Nionyeshe nyuma nikujue."

Nyuma ya mama palikuwa na fundo.
Bibi aliacha cherehani moja
na mabinti wawili.
Mama mkubwa Anansia aliipakia kwenye pikapu,
akapanda nayo Kibosho
kabla matanga hayajaanuliwa.
Miaka kumi na mitatu.

Masika yaliyopita akaagiza uzi wa kijani:
si wa nyasi, wala wa parachichi,
kijani cha isale ikishanyeshewa.
Akachora kwa penseli, bila kaboni,
jani moja refu katikati ya bafta tupu.
Siku tisa. Alifumua mara mbili.
Neno hakuandika. Isale haina maneno,
na aliyeletewa hana pa kuikatalia.

Nilikipeleka mimi, ndani ya gazeti.
Mama mkubwa alikipokea mlangoni,
akakigeuza nyuma kwanza,
akasimama hivyo mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Wiki ya pili kijana wa bodaboda alikirudisha.
Mama hakukigusa mpaka jioni.
Ndipo tukaona: kimezungushwa pindo
pande zote nne, uzi mweupe,
mshono wa cherehani,
ule unaoruka kila ukifika wa saba
kama ulivyoruka kwenye magauni yao ya Krismasi
walipokuwa wanalingana kimo.

Mama akaupitishia kidole, akihesabu.
"Tano. Sita."
Akasita penye pengo.
"Mpaka leo hajaitia mafuta," akasema,
akainama uvunguni, akasukuma viatu, masanduku,
akatoka na kikopo cha mafuta ya cherehani,
kimefungwa kwa kitambaa,
ambacho sikujua kama tulikuwa nacho.