Bamba la Saba

Grimsby, Januari. Nje, bandari inanuka samaki na dizeli.
Ndani tuna bahari yetu ndogo, tumeifungia kabatini:
chumvi sehemu tano kwa mia,
joto nyuzi thelathini na tano,
ukungu usiokoma, bila wimbi, bila samaki.

Mabamba kumi na mawili yamelazwa humo mshazari
kama wagonjwa wa wodi moja.
Alumini iliyovishwa nikeli.
Unene wa vazi: mikroni ishirini na tano.
Unywele wangu mmoja una zaidi.

Hedley, aliyeishi na asidi miaka thelathini na moja
hata vidole vyake vikapoteza alama,
alinifundisha hivi:
"Alumini ina haya. Ikwangue,
kabla hujapepesa jicho imeshajifunika utando wake.
Nikeli haishiki juu ya haya.
Basi ichovye kwenye zinki, ivue, ichovye tena.
Mara ya pili ndiyo ndoa."

Saa ya mia tatu na kumi na mbili.
Nafungua kifuniko, miwani inalowa, naifuta kwa shati.
La kwanza, safi. La pili, safi.
La sita, naiona sura yangu.
La saba lina chunusi nyeupe.

Chini ya hadubini: tundu.
Kando yake ncha ya sindano ni mlima.
Chumvi imepenya humo, na nikeli,
yenyewe haijaguswa, inameremeta kama bibi harusi,
inaisukuma alumini iliyoibeba iliwe kwa niaba yake.
Tungeiacha uchi ingeoza taratibu, kwa heshima.
Kikulacho ki nguoni mwako:
kumbe methali ile ilikuwa ya kemia.

Naijua siku yenyewe. Jumanne, beseni la pili la zinki,
simu ikalia mfukoni. Shekue, kutoka Pangani:
"Dada, nyumba ya mama imepata mnunuzi."
Nikabishana huku nahesabu sekunde.
Arobaini? Ishirini?
Nililitoa bamba nikiwa bado nasema "subiri, subiri."

Hedley anainama, anatazama, hasemi.
Ananisogezea kalamu.
Pampu hizi zinakwenda kwenye maboti ya uokoaji.
Usiku fulani, maji yakipanda,
mtu asiyenijua atakitegemea kidoti hiki.

Naandika: La saba. Limeshindwa.
Sababu:
na hapo fomu ina mstari mmoja tu,
mfupi, nyumba nzima haienei,
wala ua wake, wala mlango wa nyuma usiofungika.

Naandika: mkono wangu.
Nafunga kabati. Ukungu unaanza tena.