Vikombe Vitatu, Ghorofa ya Nne

Saa tano asubuhi, Al-Khuweir, lifti imekufa tena.
Nimepanda na galoni mbili mabegani,
moja kulia, moja kushoto, kama mizani ya dukani,
na jasho langu, nadhani, lina chumvi
kuliko bahari walikoyatoa haya maji.

Bi Zuwena kanifungulia. "Ingia, Faki.
Leo hulipwi mpaka uniambie unachouza ni nini."
Mezani vikombe vitatu vya kahawa, vile visivyo na mkono.
Kanifunga macho kwa leso yake inayonuka udi,
mimi, baba wa watoto wanne, muuza maji mwaka wa saba,
nimekaa kitako kama mwari siku ya kufundwa.

Cha kwanza: laini, hakina neno,
maji yaliyosahau yalikotoka.
Ulimi ulipita juu yake kama mguu juu ya marumaru.

Cha pili kizito kidogo, na nyuma yake plastiki,
kama kunywa ndani ya gari lililofungwa vioo mwezi wa saba.

Cha tatu,
sijui niseme nini, kilikuwa na kitu.
Ubaridi wenye chembe ya udongo, na mbali sana, ubani.
Nikaona bati la nyumba yetu Micheweni, mvua ya kwanza,
mama akinikemea nisikinge bado,
niache ya mwanzo yapite, yanaosha paa.

"Hiki," nikasema. "Hiki ndicho chetu."

Alicheka mpaka akashika kiuno.
"Hicho cha bombani, muuza maji!
Kimelala usiku kucha kwenye jahla, hiyo hapo dirishani.
Cha pili ndicho galoni lako la juzi.
Cha kwanza kachupa ka hotelini, kaja nako Mundhir;
bei yake sikutajii, utaanguka."

Nikavua leso. Nikajitetea, biashara ni biashara:
ulimi si maabara, Bi Zuwena,
kitamu si lazima kiwe salama,
na kuna lile tangi juu ya paa...
Nilipotaja tangi, tukatazamana.

Nikapanda. Jua la huko juu halichomi, linakandamiza.
Tangi lake la tano kutoka ukutani,
mfuniko umekatika pembe moja,
na ndani, juu ya maji meupe, matulivu,
unyoya wa njiwa, umejikunja kama herufi nuni.

Nilisimama nao mkononi.
Maji yametoka safi kiwandani, yamechujwa chumvi,
yamesafiri chini ya barabara na vipimo vyake vyote,
yakaja kuharibikiwa hapa,
hatua chache juu ya kichwa cha mnywaji.
Na galoni langu je? Lina lakiri, lina tarehe,
lina picha ya mlima wenye theluji
ambao si mimi wala mteja tumewahi kuuona,
na limelala siku tatu uani, juani, huko Ghala.
Najua. Ni mimi niliyelipanga.

Nikashuka. Nikamwonyesha unyoya.
Jua sikumwonyesha.

Akautazama. Akakitazama kikombe cha tatu,
akakimalizia.
"Nimeyanywa mwezi mzima, leo ndio nife?"
Kisha akapaza sauti chumbani:
"Azza! Maziwa ya mtoto usiyakoroge na ya bombani!"
Akanihesabia pesa za galoni mbili, baisa kwa baisa,
akazuia mia moja mpaka nilete mfuniko mpya,
kama kwamba njiwa nimemtuma mimi.

Ngazini mdomo ulikuwa bado na ladha ile.
Nikaimeza.
Chini, kabla ya kuwasha gari,
nikaanza kuyavuta magaloni upande wa kivuli,
moja moja,
ingawa mtaa mzima ulikuwa umefunga madirisha
na hakuna aliyeniona.