Kichupa cha Bi Shekue

Kimo chake kidole gumba.
Kimekaa kidakani, Mkomani, tangu bibi yake yu mwari,
kikitiwa wanja. Kijiko chake chembamba
bado kina weusi nchani.

Nami nina daftari la makumbusho
na safu moja tupu: *Nakshi – ya nini?*

Famau sonara akavaa miwani:
"Kipepeo. Tazama mbawa."
Bi Shekue akacheka hadi mtandio ukamteleza:
"Kipepeo ana masikio?"
Mjukuu, kwa tochi ya simu:
"Popo! Ila amepinduka, miguu juu."
Kwani popo hulalaje, mwanangu?

Nikanusa. Chini ya wanja, mbali,
ugoro wa mtu nisiyemjua
ukanipiga chafya tatu.
"Yarhamukallah," wakaitikia.

Nikaandika: *popo, mmoja, mwekundu.*
Kalamu ikasita.
Kwetu hana kwao, si wa ndege si wa wanyama.
Huko alikochorwa, je?
Pengine jina lake lagusana na neno jingine, zuri,
kama popo na popoo ya tambuu,
na mchoraji alikuwa akitamka, hachori.

Bi Shekue akakitwaa, akakipindua,
akakirudisha kidakani kizibo chini.
"Mgeni mwache alale anavyojua."

Safu ile nimeifuta.
Haijajaa.