Tepu ya Kijani

Kwa Bi Somoe Namtondo, Newala,
taa ya ukumbini ilikonyeza
kila jokofu lilipoamka.
Redio ikakohoa. Feni ikasita, kisha ikakurupuka.
"Nyumba ina wenyewe," jirani akanong'ona,
ukachomwa ubani mpaka mapazia yakanuka.
Taa ikazidi kukonyeza.

Fundi Ligwema akazima meni swichi,
akanipandisha darini mimi,
mwanagenzi, mwembamba, nisiyelipwa.
Kurunzi mdomoni, mavi ya popo magotini.
"Umeme ukizimwa hukimbia," akaniitia toka chini,
"joto hubaki. Fuata joto."

Nikapapasa waya kwa mgongo wa kiganja,
kama mtu anayepima homa ya mtoto aliyelala,
hadi kisanduku cha kando ya boriti:
nyutro imelegea,
ncha yake nyeusi kama korosho iliyosahauliwa kaangoni,
skrubu imebakiza nusu mzunguko kukazwa.

Nusu mzunguko tu,
na nyumba nzima ikasingiziwa mashetani.

Tepu iliyofunga waya ule ilikuwa ya kijani.
Newala hii ninamjua mmoja tu
anayefunga kwa kijani.

Nikakaza. Nikashuka. Sikusema neno,
nikamwekea kile kipande kiganjani.
Akakitazama
kuliko kinavyostahili kutazamwa kipande cha tepu.

"Nikupe ngapi, fundi?" akauliza Bi Somoe,
taa juu yake imetulia tuli.

"Ulishanilipa," akasema, akihangaika na zipu ya begi,
"mwaka ule wa bati jipya.
Kazi ndiyo nilikuwa sijaimaliza."